Sony ZV-E10 kwa kazi za ukumbini: bado inalipa, ila ijue kwanza

Wakuu, hii kamera imetoka 2021 kwahiyo najua kuna watakaosema naleta habari za kizamani, lakini vijana hawaachi kuniuliza "kaka nataka kuanza kushuti send-off na kitchen party nichukue kamera gani" na jibu langu bado ni hilihili: kama hela yako ni ya kubana tafuta ZV-E10 mtumba iliyo safi, hela inayobaki weka kwenye lenzi na sauti. Mimi napiga kazi zangu hapa Dar, nyingi za ukumbini usiku na chache za mchana beach au kanisani, kwahiyo maoni haya ni ya mtu wa shughuli, sio wa studio wala wa filamu. Yutubu karibu wote wanaoielezea hii kamera wako Marekani na Ulaya, wanaizungumzia kama kamera ya kujirekodi unatembea mtaani, na huko ndiko inakoshindwa kabisa, halafu ile sehemu inayofanya vizuri kwa kazi zetu hawaigusi.

Tuanze na hiyo sehemu. Ukienda kwenye menyu utakuta chaguo la NTSC au PAL (mifumo miwili ya video, kila mmoja na kasi zake za fremu), na kamera nyingine zinazoingia hapa kutoka nje, kama za Japani, zinakuja zikiwa NTSC, mtu anaanza kushuti 4K fremu 30 kwa sekunde hajui kinachoendelea. Kwenye fremu 30 kamera inakata picha kama mara 1.23, yaani lenzi yako ya milimita 16 inabana kama ya 20 hivi, ukumbi mdogo huwezi kurudi nyuma, mgongo uko ukutani na meza kuu bado haijaenea. Ukihamia PAL unapata 4K fremu 25, na hapo haikati chochote, inasoma upana wote wa sensa (ile sehemu ya ndani inayonasa picha) halafu inashusha kwenda 4K, picha inakuwa kali kuzidi unavyotegemea kwa kamera ya bei hii. Faida ya pili ni umeme wetu. Tanesco ni hezi 50, taa za ukumbini zinapepesa kufuata huo umeme, ukishuti fremu 30 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/60 unaona ile mistari inapanda na kushuka ukutani, mteja hajui inaitwaje ila anajua video yake ina kitu. PAL, fremu 25, shata 1/50, matatizo mawili yameondoka kwa mpigo. Ukibadilisha itakudai ufomati memori kadi, kwahiyo fanya ukiwa nyumbani, usije ukaanza kuhangaika nayo wakati bibi harusi yuko mlangoni.

Slomo za kuingia ukumbini watu wanazipenda sana, sasa kwenye PAL unapata fremu 100 kwa 1080. Wengi wamekariri ile kanuni ya shata mara mbili ya fremu wanaweka 1/200, ukumbini unakuwa umepoteza mwanga na mara nyingine mpepeso unarudi, mi naweka 1/100 basi, ukungu wa mwendo unaongezeka kidogo ila kwa watu wanaocheza kuingia na maua yanarushwa hakuna atakayelalamika. Ukitumia ile ya S&Q (modi ya kamera ya kutengeneza slomo yenyewe) kumbuka hairekodi sauti kabisa, kwahiyo usiitumie wakati MC anaita majina. Halafu skrini kubwa za LED nyuma ya meza kuu ni habari nyingine, zile hazifuati hezi 50 za Tanesco, kila moja na tabia yake, hapo unacheza na shata mpaka mistari ipungue, ikigoma badilisha engo.

Lenzi. Ile 16-50 inayokuja nayo ni f3.5 kwenda f5.6 (namba ya f ikiwa ndogo ndio mwanga unaingia zaidi), mchana iko poa, ina zumu ya umeme ambayo kwa kweli ni tamu unaposhuti mtu anaongea, lakini taa zikizimwa kwa ajili ya kukata keki imekwisha, ISO (kamera kujiongezea mwanga) inapanda na suti nyeusi zinajaa chenga. Kama una hela ya lenzi moja tu chukua Sigma 18-50 f2.8, ina kama gramu 290, haisumbui gimbo (mkono wa mota unaotuliza kamera) na inafanya shughuli nzima bila kubadilisha. Kama kazi zako karibu zote ni usiku basi Sigma 30 f1.4, hii inaona gizani kuliko macho yako, ila imebana, ukumbi mdogo itakutesa. Wengine wanaanza na Sigma 16 f1.4, nzuri sana kwa ukumbi wote na kwa watu wanaocheza, ila ina gramu 405 na kwenye kamera hii ndogo inavuta mbele, mkono mmoja unachoka. Kitu kizuri cha Sony ni kwamba lenzi za kukodi au kuazima kwa mwenzako ziko nyingi mjini, mfumo ni uleule wa kamera zao kubwa, ukija kupanda daraja lenzi bado zinafunga, ila hizi za Sigma kwenye kamera za sensa kubwa (full-frame) zinakata picha.

Sasa ubaya wake mkubwa. Haina stabilaiza (kizuia mtikisiko) ndani ya mwili. Ile wanayoiita Active ni ya kielektroniki, inakata picha sana, na gizani inaleta vitetemo vya ajabu. Juu ya hapo sensa inasoma taratibu, ukigeuza kamera haraka kwenye 4K nguzo za ukumbi zinalala upande kama zinataka kuanguka. Kwahiyo kutembea nayo mkononi kumfuata bwana harusi sahau. Ama gimbo ama monopodi (stendi ya mguu mmoja), hakuna njia ya tatu. DJI RS 3 Mini inatosha kabisa, haifiki kilo moja na inabeba mpaka kilo mbili, ila tembea kwa magoti laini na geuza taratibu. Mi kwa shughuli ndefu napendelea monopodi, gimbo saa sita mfululizo ni adhabu, na wamama wa kamati hawajali bega lako. Kama hutaki gimbo kabisa kuna Tamron 17-70 f2.8 yenye stabilaiza ndani ya lenzi, inasaidia ukiwa umesimama, ila ni nzito.

Otofokasi sina neno. Inashika jicho inang'ang'ania, watu wanapita mbele na vinywaji, mpiga picha mnato anakukatiza kama kawaida yao, inarudi kwa bibi harusi yenyewe. Ushauri, kwenye menyu kuna kasi ya fokasi kuhama na wepesi wa kubadilisha mtu, hiyo ya pili ishushe kidogo, ukiiacha juu kila mhudumu anayepita na sinia anakuwa staa wa harusi. Kile kitufe cha Product Showcase cha kuleta bidhaa mbele ya kamera kizime ukiwa kwenye shughuli, ila dada zetu wanaouza mawigi na vitenge Instagram hicho kitufe peke yake kinawatosha kununua kamera.

Rangi na ngozi. Hapa nitaongea taratibu maana ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bibi harusi kavaa shela jeupe, bwana harusi ngozi yake nyeusi na suti nyeusi, taa za mpambaji ni zambarau. Ukiiacha kamera ijipimie mwanga yenyewe, shela likijaa fremu inashusha mwanga na uso wa bwana harusi unapotea, wakisogea mbele ya pazia jeusi inapandisha na shela linaungua linakuwa karatasi. Weka manyuo, upange mwanga mwenyewe. Washa zebra (mistari inayoonyesha mwanga unapozidi) kwenye 95 au 100, pandisha mpaka mistari ianze kuonekana kwenye shela, shusha kidogo, acha hapo. Uso ukiwa mweusi usilazimishe uwe na mwangaza wa ngozi ya Mzungu wa Yutubu, ngozi yetu inapendeza ikiwa na kina, kinachotakiwa ni taa ndogo ya LED juu ya kamera, hafifu, ikuletee mng'ao kwenye shavu na paji la uso. White balance (kipimo cha rangi ya mwanga) usiache oto, taa za DJ zikibadilika na rangi ya ngozi inabadilika katikati ya klipu moja, hiyo kuirekebisha kwenye kuediti utalia. Funga namba moja, mi naanza na Kelvin 4000 hivi ukumbini halafu naangalia shela.

Na tafadhali, S-Log3 (logi, picha iliyopauka makusudi uje kuivuta rangi kwenye kuediti) achana nayo ukumbini. Kamera hii inarekodi biti 8 tu, usiku ukishuti logi ukaja kuivuta rangi unapata chenga na mabaka ukutani. Mchana beach yenye jua na anga, sawa, jaribu HLG au S-Log2 (mipangilio mingine ya rangi) kama unajua unachofanya. Usiku tumia rangi ya kawaida, punguza kontrasti, maliza.

Kuhusu sauti, maiki ya juu ya mwili sio mbaya, na kile kifuniko cha manyoya wanachokupa kinafanya kazi kweli, upepo wa baharini unapungua sana. Lakini hotuba ya baba mzazi haiwezi kutegemea maiki iliyo meta 8 kutoka kwake na spika ya DJ katikati. Omba laini kwenye miksa ya DJ uingize kwenye rekoda ndogo, mwambie ashushe maana ikija na nguvu inapasuka, halafu weka na maiki isiyo na waya karibu na spika kama akiba. Rode Wireless GO II naipenda kwa kuwa transimita yenyewe inajirekodi ndani, ukumbi ukijaa simu na mawimbi yakigongana bado sauti unayo. Kamera ina tundu la hedifoni, kitu ambacho mpinzani wake wa karibu Canon R50 hana, na kwa mtu wa shughuli hilo tundu ni uhai. Sikiliza unavyorekodi, usisubiri ufike nyumbani.

Betri ni ile NP-FW50 ya zamani, 1020 mAh. Sony wanasema kurekodi mfululizo ni kama dakika 125, ukiwasha na kuzima na kuangalia klipu hufiki huko. Nzuri ni kwamba inakubali kula umeme wa USB-C huku inarekodi, powabenki kwenye monopodi na waya mfupi, unasahau habari ya betri shughuli nzima. Betri za bei chee nilizowahi kuuziwa dukani fulani zilivimba, kutoka ndani ya kamera ikawa kazi, sirudii. Ukishuti vipande virefu nenda kwenye menyu weka joto la kujizima liwe High, vinginevyo misa ya mchana kwenye kanisa la mabati inaweza kukuzimikia. Memori kadi: 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa, kwahiyo 128 ndio ya kuanzia, na iwe U3 (alama ya kasi kwenye kadi). Kadi feki zimejaa mjini, ukinunua ijaze yote kwanza nyumbani uone kama inashika kweli GB ilizoandikiwa. Tundu la kadi ni moja tu, hakuna kopi ya pili, kwa harusi hilo linaniuma mpaka leo ndio maana siendi na kamera moja.

Vipi ZV-E10 II ya 2024? Ni kamera bora, hilo halina ubishi, ina betri kubwa ya NP-FZ100, biti 10, 4K fremu 50 na 60. Lakini ilitoka kwa dola 999 mwili mtupu wakati ya kwanza ilitoka kwa dola 699, na bado haina stabilaiza ndani. Pia haina shata ya mekanika, kwahiyo wewe unayepiga na picha mnato kwa flashi isikupite hii. Ya kwanza inayo. Kama tayari una wateja wa kueleweka chukua ya pili, kama ndio unatafuta mteja wa kwanza tofauti ya hela hiyo ni Sigma nzima.

Ukienda Kariakoo au kwa mtu binafsi kununua mtumba, beba lenzi yako kama unayo, kadi na hedifoni. Angalia menyu kwanza, zile za soko la Japani zinakuja na Kijapani tu na lugha haibadilishiki, bei yake inavutia ndio maana. Fungua skrini igeuze mbele na nyuma mara kadhaa ukiangalia kama inakatika, hapo pana waya mwembamba. Piga picha ukuta mweupe kwa f22, ukiona madoa mengi ni sensa chafu au imechubuka, la kwanza linasafishika, la pili ondoka. Rekodi 4K mfululizo ukiwa unapiga bei, tena usiwe na haraka ya kukubaliana, joto lionekane. Tikisa kidogo waya wa maiki na wa hedifoni ukiwa unasikiliza, tundu likiwa limelegea utasikia mkwaruzo, na muuzaji akikwambia "hiyo ni kawaida yake hizi Sony" mwachie mwenyewe abaki nayo.