Skrini ya kompyuta ya gari: ipi uchukue kwanza na ipi uachane nayo

Kama unafunga kompyuta kwenye gari, yani kompyuta kamili ya Windows au Linux na sio redio ya Android iliyokuja tayari, basi skrini ndo kitu utakachokitazama na kukigusa kuliko vingine vyote, na watu wengi wanainunua kwa kuangalia namba moja tu, rezolusheni, yani idadi ya pikseli, zile nukta ndogo zinazotengeneza picha. Mi rezolusheni kubwa naipenda sana lakini nasema mapema kabisa, kwenye gari inakuja ya pili, ya kwanza ni mwanga. Skrini ina 1920 kwa 1200 halafu saa saba mchana unachokiona ni shati lako na kioo cha nyuma, hizo pikseli zinakusaidia nini?

Mwanga unapimwa kwa niti. Laptop ya kawaida inakuwa na 250 mpaka 300 hivi na ndani ya nyumba zinatosha kabisa, ila gari lina vioo pande zote na jua linaingia linavyotaka. Kwangu mimi 500 ndo mwanzo wa mazungumzo, na kama dashibodi yako inapigwa na jua moja kwa moja tafuta 800 hadi 1000. Muuzaji ambaye hajaandika niti popote chukulia ni zile za laptop tu, maana mwenye skrini ya niti 1000 hawezi kunyamaza. Na uangalie pia inashuka mpaka wapi, sababu usiku barabarani skrini isiyopungua mwanga inakuchoma macho na unashindwa kuona mbele. Zipo zenye waya wa kuunganisha na taa za gari, ukiwasha taa yenyewe inafifia, hiyo ikipatikana usiiache.

Sasa kuna ujanja wa kwenye maboksi lazima ujue. Utaona imeandikwa "inasapoti 1080p", unafurahi, kumbe maana yake inapokea picha ya 1080p, yani pikseli 1920 kwa 1080, halafu inaibana iingie kwenye paneli, kile kioo chenyewe cha picha, ya 800 kwa 480. Maandishi madogo yanatoka na ukungu na ukisoma ramani majina ya barabara yanaungana. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: paneli yenyewe ina pikseli ngapi? Akijibu kwa kuzunguka, hama.

Watu wengine wanasema mbona jicho halioni tofauti, skrini iko mbali. Hapo wana hoja nusu. Umbali wa sentimita 70 hivi, ambao ndo wa dereva na dashibodi, jicho zuri linaishia kwenye pikseli kama 125 kwa inchi, na ile ya inchi 7 yenye 800 kwa 480 inazo 133, kwa hiyo kwa macho peke yake ingetosha. Shida iko kwenye programu. Windows 10 yenyewe kiwango chake cha chini ni 800 kwa 600, Windows 11 inataka 720p, yani mistari 720 kutoka juu mpaka chini, wewe una mistari 480 tu. Unafungua dirisha la setingi, unabadilisha kitu, ukitafuta kitufe cha kukubali hukioni, kimebaki chini ya ukingo wa skrini na dirisha halipandi juu zaidi. Kwa hiyo rezolusheni tunaitafuta kwa ajili ya nafasi ya kazi kwanza, urembo baadaye.

Haya, mpangilio wangu ni huu, kwa gari la kawaida lenye tundu la redio la dabo din, yani kama milimita 180 kwa 100.

Namba moja ni inchi 7 yenye 1280 kwa 800, paneli ya IPS (aina isiyogeuka rangi ukiitazama kwa ubavu), tundu la HDMI la kuleta picha kutoka kwenye kompyuta, tachi kama ya simu. Eneo la picha ni kama milimita 151 kwa 94, linaingia kwenye tundu bila kukata dashibodi, ila fremu yake pima kwanza kabla hujalipa. Ina pikseli 216 kwa inchi kwa hiyo maandishi ni makali, ila vitufe vya Windows vinakuwa vidogo mno kwa kidole, itabidi uvikuze kwenye setingi. Kuza kwa asilimia 125, unabaki na nafasi sawa na 1024 kwa 640. Ukienda 150 unabaki na 853 kwa 533, umerudi kulekule kwenye kitufe kilichofichwa. Kwa IPS sibishani na mtu, dereva haangalii skrini kwa mbele, anaiangalia kwa ubavu na mara nyingi kwa juu, na paneli za TN, ile aina nyingine, ukizitazama hivyo rangi zinageuka, nyeusi inakuwa kijivu.

Namba mbili ni inchi 10.1 yenye 1280 kwa 800 hiyohiyo. Pikseli zinashuka mpaka 149 kwa inchi lakini ndo raha yake, herufi na vitufe vinakuwa vikubwa bila kukuza chochote, na kidole kinafika kinapotaka hata gari likiruka kwenye shimo. Tatizo ni mahali pa kuiweka, picha peke yake ni kama milimita 217 kwa 136, kwa hiyo inakaa nje ya tundu, inaziba matundu ya kiyoyozi, saa nyingine inaziba swichi ya hazadi, na ukiipandisha juu sana inakula sehemu ya kioo cha mbele, hilo usilikubali hata kidogo. Kata boksi la vipimo hivyo, libandike pale, kaa kwenye siti ya dereva, shika usukani, angalia. Kama dashibodi yako inaibeba vizuri basi kwako wewe hii ndo namba moja.

Namba tatu ni 10.1 yenye 1920 kwa 1200. Najua wengi mlitaka iwe juu. Picha yake ni tamu kweli, ukiikuza kwa 150 unapata nafasi ileile ya 1280 kwa 800 lakini herufi kama zimechapwa kwenye karatasi. Nimeishusha sababu nyingi zinazouzwa ni paneli za tableti zenye mwanga mdogo, na kompyuta ndogo ya gari inabeba pikseli zaidi ya mara mbili bila sababu ya msingi. Ukiipata ya niti 800 kwenda juu na hela ipo, chukua.

Namba nne ni inchi 7 ya 1024 kwa 600. Ni rahisi, ziko nyingi, na kwa mtu wa Linux anayetumia programu moja ya muziki na ramani inayojaza skrini nzima inafanya kazi vizuri kabisa. Angalia tu usipewe TN. Inchi 8 siipangi popote, ya 1280 kwa 800 ina kimo cha milimita 108 kwa picha tu, haiingii kwenye dabo din na bado ukubwa wenyewe haujakuongezea kitu.

Ya 800 kwa 480 iache, labda unataka kuona kamera ya nyuma tu. Na zile monita nyembamba za kubeba za inchi 15 usizilete kwenye gari, zimetengenezwa kwa meza. Paneli za kawaida zinaruhusiwa kufanya kazi kwenye nyuzi 0 mpaka 50, na dashibodi ya gari lililoachwa juani vioo vimefungwa inaweza kupita 70. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta angalau -20 hadi 70.

Tachi kama ya simu inapitisha mwanga vizuri na inakubali vidole viwili, ila umeme ukiwa mchafu inaanza kujigusa yenyewe, menyu zinafunguka hujaweka mkono. Tachi ya kubonyeza, inayohisi mgandamizo wa kidole, inakubali hata ukivaa glovu lakini tabaka lake la juu linapunguza mwanga. Zote mbili zinahitaji kebo ya USB kwenda kwenye kompyuta, ukichomeka HDMI peke yake utapata picha na kidole hakitafanya kitu, afu watu wanarudisha skrini wakidhani ni mbovu.

Umeme nao ni mada. Gari linaitwa la volti 12 lakini injini ikiwaka ni 13.8 hadi 14.4, na ukipiga stata inashuka sana kwa muda mfupi. Chukua skrini inayokubali volti za upana, mfano 9 hadi 24, na uweke fyuzi yake. Halafu fanya jaribio hili mezani kabla fundi hajafungua dashibodi: iache imewaka, chomoa umeme, rudisha. Inawaka yenyewe na inakumbuka iko HDMI, au inasubiri ubonyeze kitufe? Maana hicho kitufe kikishafungwa nyuma ya fremu hukifikii tena, na kila ukiwasha gari utabaki na skrini nyeusi.

Palepale mezani vaa miwani yako ya jua kama ni ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, na uitazame skrini ikiwa imelala kama itakavyofungwa. Kuna nyingine zinazimika kabisa machoni, na ukiigeuza nusu duara haisaidii. Weka na picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu utafute pikseli zilizokufa, na upime kina cha skrini kebo ikiwa imechomekwa, sio ikiwa tupu, kichwa cha HDMI kinaongeza sentimita kadhaa nyuma na hapo ndo inapogongana na bomba la kiyoyozi. Kebo yenye kichwa kilichokunjwa inaokoa nafasi, ila iangalie imekunjwa upande upi.