Nguo za mazoezi ya baridini: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Anayetaka kufanya mazoezi nje wakati wa baridi mara nyingi hukimbilia koti nene. Analipia koti zito, anatoka nalo mbio, na muda si mrefu mgongo umelowa chapachapa. Akisimama kufunga kamba za kiatu, anaanza kutetemeka. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo fulana iliyolowa huunyonya mwili joto hata ukiifunika na koti. Ndiyo maana orodha hii inaanza na nguo zinazopambana na jasho na upepo. Unene unakuja nyuma.

1. Fulana ya ndani ya mikono mirefu

Ukiwa na pesa ya nguo moja tu, inunue hii. Kazi yake kubwa ni kuondoa jasho kwenye ngozi, na hapo kitambaa ndicho kinachoamua kila kitu, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuangalia rangi.

Mimi naipa nafasi ya kwanza sufu ya merino, yaani ya kondoo wa aina ya merino. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko za sufu ya kawaida, hivyo haiwashi. Hufyonza mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake, na ikiwa na unyevu bado inatunza joto kiasi. Tena hainuki upesi. Unaweza kuivaa zaidi ya mara moja kabla ya kuifua. Uzito wa kitambaa huandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba: 150 inamfaa mkimbiaji, 200 mtembea milimani, na 250 ni ya baridi kali au mazoezi ya polepole. Kasoro zake ni bei, kutoboka mapema, na nondo. Iliyochanganywa na nailoni kidogo hudumu zaidi.

Poliesta ni ya pili, na kwa anayefua nguo baada ya kila zoezi ningeipandisha iwe ya kwanza. Nyuzi zake hazinywi maji karibu kabisa, inakauka haraka, inavumilia kufuliwa, na bei yake ni nafuu. Tatizo lake ni harufu, ambayo ikishakolea kwapani haitoki kirahisi. Polipropilini, kitambaa kingine cha nyuzi za plastiki, inakausha ngozi vizuri pia, lakini inanuka vilevile na haipendi moto: pasi kali au mashine ya kukaushia inaweza kuiharibu mara moja.

Pamba iache nyumbani. Inakunywa jasho, inalishikilia, na kukauka kwake ni kazi. Hata fulana iliyoandikwa “ya michezo” igeuze uangalie lebo ya ndani.

Ukiijaribisha, ikae karibu na ngozi bila kukubana pumzi, mishono iwe bapa, na pindo liwe refu kiasi cha kutofichua kiuno ukiinama. Zipu fupi ya shingoni inastahili nyongeza ya bei: unaifungua ukipanda kilima, unaifunga ukishuka.

2. Jaketi jepesi la kuzuia upepo

Kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani kukadiria baridi ya upepo, nyuzi 0 za Selsiasi zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama -6, na -10 huhisiwa kama -20. Anayekimbia au kuendesha baiskeli hujiongezea upepo wake mwenyewe. Tafuta jaketi lenye kitambaa kisichopitisha upepo kifuani na mikononi, lakini mgongoni liwe na matundu au kitambaa kinachopumua. Likikunjika hadi kuingia mfukoni, bora zaidi. Kati ya mawili yanayolingana, chukua lenye mistari ya kuakisi mwanga, maana msimu wa baridi giza huingia mapema.

Muuzaji atakuvuta kwenye jaketi lisiloingiza maji. Hata lenye utando wa kupitisha mvuke haliendi sambamba na jasho la mtu anayekimbia. Linunue tu kama unatembea kwa muda mrefu kwenye mvua au theluji nyevu, na likague kama lina zipu za kwapani.

3. Glavu, kofia na kitambaa cha shingo

Hivi ni vitu vidogo vyenye faida kubwa. Baridi ikizidi, glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko zenye kila kidole peke yake. Ile hadithi kwamba nusu ya joto la mwili hupotea kupitia kichwani si kweli. Kichwa ni karibu sehemu moja ya kumi tu ya ngozi yote. Kofia inunue kwa ajili ya masikio, na kwa sababu ukipata joto unaivua bila kusimama. Kitambaa cha shingo cha mviringo kinaweza kuvutwa hadi mdomoni, jambo linalowasaidia hasa wenye pumu, kwa kuwa hewa baridi na kavu huwabana kifua.

4. Taiti na soksi

Miguu inafanya kazi na kujipasha moto yenyewe, kwa hiyo taiti moja nzuri inatosha siku nyingi. Wanaume watafute yenye kipande cha kuzuia upepo kwa mbele. Anayejua sababu hatahitaji kuelezwa. Soksi ziwe za sufu. Kuvaa jozi mbili ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole vinazidi kuganda.

5. Flisi ya katikati

Hii ni nguo laini yenye manyoya ya poliesta, inayovaliwa kati ya fulana ya ndani na jaketi. Inafaa kwa kutembea, au chini ya nyuzi 0. Chagua nyembamba. Mkimbiaji anaweza kumaliza msimu bila kuigusa.

6. Koti la manyoya ya ndege

Lina joto kubwa kuliko yote hapo juu, na kwa mazoezi ndilo la mwisho: manyoya yakilowa hulala na joto hutoweka. Nafasi yake ni kwenye begi, la kuvaa ukishamaliza na fulana ya ndani umeshaibadilisha. Kwa kazi hiyo, koti lolote ulilonalo kabatini linatosha.