Nimekatiwa upya roli ya piano: ya kwanza niliirudisha, ya pili siitoi kwenye piano

Nina piano inayojipiga yenyewe, ile ya kukanyaga pedali ili mivukuto inyonye hewa, na roli zake zipatazo sitini, yaani karatasi ndefu zilizoviringishwa zenye matundu yanayoiambia piano ipige noti gani na lini. Nyingi ni za miaka ya 1920, na karatasi yake imekauka kiasi kwamba ukiifungua vibaya kingo zinabaki mkononi kama maganda ya kitunguu. Moja ya dansi la taratibu, yenye maneno ya wimbo yaliyochapwa ukingo wa kulia na kusomwa kutoka chini kwenda juu, ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa inakwisha. Nikaituma kwa mafundi wanaopiga skani roli kuukuu na kutoboa mpya.

Ilipofika nilifurahi: karatasi imara, boksi safi, matundu hayana nyuzinyuzi. Nikaipachika, nikakanyaga. Ubeti wa kwanza haujaisha nikaacha. Noti zinazopaswa kulia pamoja zilikuwa zinapigana vikumbo, kama watu wanne wanaogombea mlango mmoja. Na pale juu penye noti inayorudiwa harakaharaka, ililia mara moja ikanyamaza.

Nikailaumu piano kwanza. Nikasafisha upau wa shaba, ule ambao karatasi hupita juu yake na kupitisha hewa kwenye matundu, nikaweka roli nyingine, zikapiga vizuri tu. Basi nikazibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha, mpya juu ya kuukuu. Kwenye kuukuu, matundu manne ya mkono wa kushoto yanaanza mstari mmoja kama askari wa gwaride. Kwenye mpya mawili yametangulia, hata milimita moja haifiki. Na kile kijipande cha karatasi kinachotenganisha matundu ya noti inayorudiwa kimekonda. Kijipande hicho ndicho kinachoipa valvu nafasi ya kujifunga ili mvukuto ulegee na nyundo irudi nyuma. Kikikonda, pigo la pili halipo.

Nilipowaandikia hawakubishana, na hapo ndipo waliponipata. Mashine ya zamani ilisogeza karatasi kwa hatua zinazolingana, na kila tundu lilianzia kwenye hatua. Skani haijui hatua, inaona picha. Ukiipeleka picha hiyo kwenye mashine ya leo yenye hatua tofauti, kila tundu linavutwa kwenye hatua iliyo karibu nalo, hili mbele, lile nyuma. Walipima hatua za mashine ya awali kutoka kwenye roli yangu, wakalirudisha kila tundu mahali pake, wakakata nyingine bila kunidai zaidi. Hiyo ndiyo inayopiga sasa, na ile noti ya juu inarudiwa mara zote bila kukosa.

Kwa hiyo ukitaka kutuma, swali la kuwauliza ni moja: mnarudisha hatua za awali au mnanakili picha? Wakijikanyaga, bakia na roli yako. Yangu ilipangwa mezani kwa rula, ndiyo maana niliweza kubisha. Roli zilizorekodiwa na mpiga piano mwenyewe, kama zile za Scott Joplin za mwaka 1916, ni habari nyingine: huko noti kuachana kidogo huenda ni mkono wa mtu, na fundi akizinyoosha ameharibu.

Ukubwa haukunisumbua. Tangu watengenezaji walipokubaliana kule Buffalo, Marekani, mwaka 1908, roli za noti 88 zina upana wa inchi 11 na robo na matundu 9 kwa inchi, kwa hiyo ya kampuni yoyote inakaa kwenye piano yoyote ya noti 88. Zile za noti 65 zina matundu 6 kwa inchi, usizichanganye.

Nyota moja nawanyima. Kichwani mwa roli wamesahau kuchapa namba ya mwendo. Yangu ni Tempo 70, yaani futi 7 za karatasi kwa dakika, na mgeni akikaa kwenye piano yangu bila kuijua anaikimbiza dansi ya taratibu kama gwaride. Nimeiandika mwenyewe kwa penseli. Mwezi ujao nawapelekea mbili nyingine. Ya tatu kingo zake zimeliwa zote upande mmoja, na hiyo bado naiogopa hata kuitoa kwenye boksi.