AC imeacha kupoza: kipi ubadilishe, kipi uache

Januari ikiingia Moshi mafundi wa AC huwa adimu, na ukimpata mmoja neno lake la kwanza ni "gesi imeisha". Usitoe hela bado. Gesi ya AC si kama ya jikoni, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua ujue inavuja mahali. AC ya kujazwa gesi kila mwaka ni ndoo iliyotoboka.

Anza kwa kupima. Washa kwa nyuzi 18, feni kasi ya juu, dakika 15. Weka kipimajoto inapovuta hewa, kisha inapoitoa. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 maana yake mashine ni nzima. Tatizo ni chumba chenyewe, mara nyingi bati lisilo na dari au AC ndogo. Ikiwa chini ya hapo, osha kwanza. Vumbi la kiangazi huziba chujio la ndani kwa wiki mbili tu. Koili ya nje imwagiwe maji ya presha ndogo, kutoka ndani kuelekea nje, mapezi ya alumini yasilale.

Bado haipozi? Hizi hapa njia zako, kuanzia ile ambayo hela yake haileti majuto.

Ya kwanza ni kapasita, kile kikopo cha bati kilicho ndani ya mashine ya nje. Dalili yake: kompresa (pampu inayosukuma gesi) inanguruma sekunde chache, inakata "tak", inatulia, baada ya dakika kadhaa inarudia. Feni yake inazunguka kama kawaida. Zima breka, tolea chaji kwenye balbu ya kawaida (kapasita hushika umeme hata waya ukiwa umekatwa), kisha pima kwa mita. Iliyoandikwa microfaradi 35 kwa asilimia 5 (kiasi inachoruhusiwa kuzidi au kupungua) ikisoma chini ya 33, imechoka. Nunua yenye namba ileile, na volti isiwe pungufu ya iliyoandikwa. Ukiweka kubwa "ili iwe na nguvu" unaunguza waya za kompresa. AC za invata (zinazobadilisha kasi ya kompresa zenyewe) hazina kapasita hii, hivyo fundi akikuuzia ya invata, mshukuru umfungulie geti.

Ya pili, kuziba uvujaji. Paka povu la sabuni ya vyombo kwenye nati za shaba, nyuma ya mashine ya ndani na kwenye valvu za nje. Nati yenye mafuta yaliyoshika vumbi jeusi imeshajitaja yenyewe. Kuikaza peke yake hakutoshi. Shaba ikatwe na mdomo utanuliwe upya. Hapo ndipo utamjua fundi. Anayejua kazi atajaza naitrojeni kupima uvujaji, ataunganisha pampu ya kuvuta hewa kwa nusu saa au zaidi, halafu ataweka gesi kwa mizani, gramu zile zile zilizo kwenye stika. Asiye na pampu hufungulia gesi kidogo "isukume hewa". Unyevu unabaki ndani, na kwa mashine za gesi aina ya R410A au R32 unyevu huo ukichanganyika na mafuta huzaa asidi inayokula kompresa taratibu. Miezi sita baadaye unaambiwa kompresa ni mbovu, na kweli ni mbovu.

Mota ya feni na bodi (sakiti inayoongoza mashine) vinafuata. Vyote vinafaa kubadilishwa kama mashine haijafika miaka mitano. Bodi ikifa mara ya pili, tafuta chanzo kwenye umeme wa nyumba: weka kifaa cha kulinda AC chenye kuchelewesha dakika 3 umeme unaporudi.

Kompresa tunaiweka mwisho. Ikiwa imeungua, mafuta yake ni meusi na yananuka vikali. Lazima mabomba yasafishwe na kichujio cha gesi kiwe kipya, la sivyo mpya itafuata ya zamani. Gharama yote ikizidi nusu ya bei ya AC mpya, na mashine imepita miaka minane, achana nayo. Kama stika inasema R22, aina ya gesi ya zamani, usifikirie hata kidogo: chini ya Itifaki ya Montreal gesi hiyo inaondolewa, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wake ni 2030, ikibaki kidogo tu ya matengenezo. Wala usikubali kufungiwa mashine mpya ya nje ya R32 kwenye ya ndani ya R22. Presha na mafuta ni tofauti.

Ukinunua mpya, chumba cha mita 3.5 kwa 4 kinatosheka na BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kule Njiro, Arusha. Pasua ya Moshi, chini ya bati linalopigwa na jua la jioni, chukua 12,000. Invata inalipa ikiwa inawaka usiku kucha. Kwa saa moja ya mchana, ya kawaida inatosha.

Wa Arusha wanaotaka joto la Juni na Julai waulize kama mashine yenyewe inapasha. Alama ya jua kwenye rimoti si ushahidi, rimoti nyingi zinayo hata kwa AC za kupoza tu. Inayopasha kweli hutoa joto kama mara tatu ya umeme inaokula, wakati hita ya waya hutoa sawasawa na inachokula. Dukani, iwashe kwenye joto, ungoje dakika tano, weka mkono.