Uzoefu wangu na diski ya draiva ya ELRepo kwenye PERC 6/i, seva isipoona diski hata moja

Habari zenu wakuu. Naandika hii kwa yeyote anayehudumia seva za zamani, hizi used zinazoshushwa kutoka Ulaya ambazo maofisi mengi huku kwetu bado zinabeba mahesabu, mafaili na kila kitu. Kadi ya RAID (ile inayounganisha diski kadhaa za seva zifanye kazi kama moja) isipoonekana kwenye instola, programu ya kuweka mfumo, mafundi wengi wanakimbilia kusema imekufa, inang'olewa, inatafutwa nyingine, hela inatoka, na kumbe kadi ni nzima kabisa ila mfumo hauna draiva yake, ile programu ya kuuwezesha kuitumia kadi. Kilichonitoa mimi ni diski ya draiva ya ELRepo, ni ya bure na ni faili dogo, na kwa kadi za zamani kwenye familia ya RHEL 8 (Linux ya Red Hat na ndugu zake kama Rocky na AlmaLinux) sijaona kitu kingine kinachoifikia.

Seva yenyewe ni Dell PowerEdge R710, ndani ina PERC 6/i, kadi ya RAID ya Dell, yenye kache ya MB 256 na betri yake, na ilikuwa inaendeshwa na CentOS 7 vizuri tu miaka yote. CentOS 7 ikafika mwisho tarehe 30 Juni 2024, baada ya hapo hamna tena viraka vya usalama, na ofisi yenye mafaili ya watu huwezi kuiacha hivyo, tukakubaliana tuhamie Rocky Linux 8 kwa sababu yenyewe inahudumiwa mpaka Mei 2029 na programu zao zinaikubali. Bekapu ikachukuliwa, flashi ikaandaliwa, instola ikawaka fresh, ukifika pale pa kuchagua diski ya kuinstolia, patupu. Hamna diski. Kinaonekana flashi tu.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Kitu cha kwanza kufanya kabla hujashika bisibisi ni kuuliza swali moja tu, je kadi yenyewe inaziona diski? Kwenye PERC unabonyeza Ctrl+R seva inapowaka, unaingia kwenye menyu ya kadi, ukikuta diski zako ziko Online na ile RAID yenu inasema Optimal basi kadi inafanya kazi, tatizo liko juu yake. Halafu buti Debian live kwenye flashi nyingine, andika lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Kama Debian inaiona diski na Rocky haiioni, kwenye mashine hiyohiyo na waya zilezile, hapo hamna tena mjadala wa kadi mbovu, ni draiva. Na ukiwa humo kwenye Ctrl+R tafadhali usiguse Initialize wala Clear, hata kama umekuta imeandika Foreign (yaani kadi inaiona RAID kama imetoka kwenye kadi nyingine), kwa sababu Foreign unai-import, uki-clear umefuta kumbukumbu za RAID na hapo ndipo data za watu zinapoanza kupotea kweli.

Kwa nini Debian inaona na Rocky haioni? RHEL 8 ilipotoka Mei 2019 Red Hat waliondoa orodha ndefu ya vifaa vya zamani kwenye draiva zao, na wameiandika wazi kwenye nyaraka zao, kadi zenye chipu ya SAS1078 zimo, na PERC 6/i ni mojawapo. Rocky na AlmaLinux zinajengwa kufuata RHEL kwa hiyo zikarithi. Kerneli ya Linux yenyewe, yaani kiini cha mfumo, haijaitupa hiyo kadi, ndo maana Debian inaikubali bila shida. Kinachowachanganya watu ni kwamba draiva inaitwa megaraid_sas, na hiyo megaraid_sas ipo ndani ya Rocky 8, ukiandika modprobe megaraid_sas kuipakia inaingia kimya kimya bila kulalamika, unabaki unajiuliza mbona draiva ipo na diski haipo. Draiva ipo ndiyo, ila namba ya kadi yako imeondolewa kwenye orodha ya kadi inazohudumia. Ukiangalia lspci -k, amri ya kuorodhesha kadi na draiva zake, utaona kadi ipo pale lakini ule mstari wa kusema draiva gani inatumika haupo. Ukiona hivyo umeshapata jibu.

Na hili ndo ningependa watu walishike sana, draiva ya kadi ya RAID haitafutwi kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa rangi ya shati. Andika lspci -nn uone namba, yangu ilikuwa 1000:0060, hiyo 1000 ndiyo LSI waliotengeneza chipu na 0060 ndiyo SAS1078, halafu kuna namba ya pili ya aliyeiuza, 1028:1f0c, 1028 ni Dell. Maana yake nini, kadi ina nembo ya Dell ila tumbo ni LSI, na kadi nyingi za IBM nazo ni hivyohivyo. Ukijua chipu unajua draiva. HP wao ni njia nyingine, Smart Array za kati zinatumia hpsa na zile za Gen10 kama P408i zinatumia smartpqi, na kuna zile B120i za kwenye seva ndogo ambazo si RAID ya kadi kamili, zinategemea draiva ya hpvsa, bila hiyo mfumo unaziona diski moja moja kana kwamba hukutengeneza RAID yoyote, hizo mtu anaweza kuinstoli juu ya diski moja akadhani yuko salama.

Kingine kinachopoteza watu ni kwamba LSI haipo tena kwa jina lake. Avago waliinunua 2014, halafu 2016 Avago wakainunua Broadcom na wakachukua hilo jina la Broadcom, kwa hiyo linki za zamani za LSI usihangaike nazo, nenda Broadcom. Na nawaomba sana muwe mbali na zile tovuti za "driver updater" zinazotokea juu ukitafuta, faili la kernel la kuweka kwenye seva ya ofisi halichukuliwi kwa mtu usiyemjua.

Sasa ELRepo. Hawa ni watu wa jamii ya Linux wanaotengeneza draiva kwa ajili ya RHEL na ndugu zake, na wana ukurasa wa Device IDs ambapo unatafuta ile namba yako, mimi nikaweka 1000:0060 ikaniambia kmod-megaraid_sas. Ila kmod, kifurushi cha draiva, ni ya mfumo ambao umeshainstoliwa, we bado uko kwenye instola, kwa hiyo unaenda kwenye folda lao la dud, ndo zinakokaa diski za draiva, unachagua el8, unachukua faili la iso linaloanza na dd-megaraid_sas. Angalia mwisho wa jina, lazima lilingane na toleo la instola yako, kama unainstoli 8.10 chukua lenye el8_10, ukichukua la toleo lingine moduli, yaani draiva yenyewe, inaweza kukataa kuingia. DVD nzima ya Rocky ni zaidi ya GB 10, hiki kifaili hata hukisikii kwenye bando.

Unakiandika kwenye flashi ya pili, unachomeka zote mbili, ukifika kwenye menyu ya kwanza ya instola bonyeza Tab, au e kama unabuti kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine inayochukua nafasi ya BIOS), mwisho wa ule mstari ongeza inst.dd halafu endelea. Itakuletea orodha ya vifaa, unachagua flashi ya draiva, unaweka alama kwenye megaraid_sas, unabonyeza c kuendelea. Basi. Nilipofika pa kuchagua diski ile RAID ikawa imekaa pale na ukubwa wake wote, kiukweli nilifurahi sana, na yule aliyekuwa ameshaanza kuulizia bei ya kadi nikampigia nikamwambia bro acha, kadi ni nzima.

Kilichonifanya niiheshimu zaidi ni kwamba ile diski ya draiva haiishii kwenye instola, inaweka kmod kwenye mfumo wenyewe, kwa hiyo ukiwasha upya seva inabuti kawaida. Ukishaingia weka repo ya elrepo ili kmod iwe inapata apdeti pamoja na vingine. Kabla ya kuwasha upya baada ya apdeti ya kerneli mimi huwa nahakikisha kwa lsinitrd -k na namba ya ile kerneli mpya, halafu | grep megaraid, kuwa draiva ya ELRepo (njia yake ina extra au weak-updates) imo kwenye faili la kuwashia la ile kerneli mpya, isipokuwemo unapiga dracut -f, inayotengeneza upya hilo faili, ukiitajia ile kerneli mpya, na kerneli ya zamani naiacha kwenye GRUB, menyu ya kuwasha, ya kurudia. Uzuri 8.10 ndiyo ya mwisho kwenye namba 8 kwa hiyo ile mirukoruko ya toleo hadi toleo imeisha. R710 haina Secure Boot, ule ulinzi unaozuia draiva zisizo na sahihi inayoaminika, ila kama seva yako ni mpya zaidi na imewashwa, ufunguo wa ELRepo lazima uuingize kwa mokutil, la sivyo moduli itazuiwa.

Kuangalia afya ya diski nyuma ya kadi natumia MegaCli, na smartctl -a -d megaraid,0 /dev/sda, ile sifuri unabadilisha kwa namba ya diski. Fanyeni hivyo mara kwa mara jamani, diski za seva used zimeshatumika sana kabla hazijafika huku.

Kwa watu wa Windows Server, pale kwenye Load driver instola inataka mafaili ya inf, sys na cat, faili la exe halisomi, lifungue kwanza kwa 7-Zip ndo uweke kwenye flashi. Na wa VMware, ESXi 7.0 (mfumo wao wa kuendesha seva pepe) iliachana na draiva za mtindo wa zamani, na PERC 6/i ilikuwa inategemea hizo, msihangaike nayo.

Anayetaka kwenda namba 9 aangalie AlmaLinux, kuanzia 9.4 wamerudisha vifaa vingi vilivyoondolewa, megaraid_sas ikiwemo. Ila kama mnahitaji diski zaidi ya TB 2, PERC 6/i haizisomi na hapo hamna draiva ya kusaidia, tafuteni PERC H700, kadi ya Dell iliyofuata, na mnunue pamoja na waya zake kwa sababu za PERC 6/i hazichomeki.