Unatafuta pikipiki ya zamani ya Kijapani? Fungua tangi kwanza

Tangu klabu ya wenye pikipiki za zamani ipange Honda na Yamaha zao kwenye maonyesho hapa Dar, simu yangu haipumziki. Watu walipiga picha, wakarudi nyumbani na hamu, wakaanza kusaka za kwao. Sasa yanaingia malalamiko, na karibu yote yanafanana: pikipiki inang'aa, asubuhi inawaka vizuri, ikifika Magomeni inazima. Fundi anafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, anasafisha, inapona siku mbili, inazima tena.

Haiponi kwa sababu ugonjwa hauko kwenye kabureta. Uko kwenye tangi.

Mambo ya kusikiliza injini, kutazama moshi na kudai kadi ya usajili mnayajua, sitayarudia. Kinachosahaulika ni kutu ya ndani ya tangi, na katika jiji hili la joto na hewa ya chumvi haina huruma. Pikipiki ikiwekwa uani miaka na mafuta robo tangi, nafasi iliyobaki inajaa hewa yenye unyevu. Usiku unyevu unageuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanazama mpaka chini kabisa, na hapo ndipo bati linapoanza kulika. Ule unga mwekundu unasafiri na mafuta hadi kwenye jeti ndogo ya kabureta, tundu jembamba mno, na kuliziba.

Ukaguzi wenyewe uko hivi. Fungua mfuniko, mulika kwa tochi ya simu, kibiriti kisisogee. Usiridhike na kinachoonekana katikati. Tangi la pikipiki nyingi limekaa juu ya bomba la fremu kama tandiko la punda, hivyo chini lina mifuko miwili, kulia na kushoto, na mara nyingi koki ya kufungulia mafuta iko upande mmoja tu. Upande usio na koki ndiko maji yanakolala miaka yote bila kutoka. Inamisha pikipiki, mulika huko. Kisha chomoa mpira wa mafuta, fungua koki, kinga petroli kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiweke chini itulie wakati mnaongea bei. Ukiona mchanga wa rangi ya udongo umejikusanya, au matone yanatembea peke yake chini ya petroli, jibu umepata. Mwisho pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye tumbo la tangi. Pasiposhika pametoboka, pakazibwa kwa gundi ya bodi na kupigwa rangi juu.

Nalishupalia tangi kwa sababu vitu vingine vingi kwenye pikipiki hizi unavipata Kariakoo au unavichongesha kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Tangi lenye umbo lake halisi utalisaka hadi uchoke.

Sasa usake ipi? Namba moja kwangu ni Honda CG125, na upendeleo wangu kwa Honda siufichi. Ilitoka mwaka 1976, ikatengenezwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inapigwa kazi nzito na matunzo ni haba. Valvu zake zinasukumwa na fito, kwa hiyo hakuna cheni ya ndani ya kulegea, na nyingi zilikuja na cheni ya nyuma iliyofunikwa yote isipate vumbi. Wachina wameinakili injini hii kwa miaka mingi, ndiyo maana spea nyingi za bodaboda za Kichina zinaingia, nyingine kwa marekebisho kidogo. Fundi yeyote wa kijiweni anaijua.

Namba mbili, Honda C70 na C90, za ukoo wa Super Cub ulioanza mwaka 1958 na kuvuka pikipiki milioni 100 mwaka 2017. Haina klachi ya mkono, na tangi liko chini ya siti, ukinyanyua siti umeliona. Hapa hamisha wasiwasi wako kwenye fremu: ni bati lililokunjwa, na linaoza kwa chini ambako matope hugandia. Kwenye maonyesho, wazee wanaijia hii kabla ya zote.

Yamaha DT125 na DT175 nazipa nafasi ya tatu, na najua wapenzi wa Yamaha watanikasirikia. Mlio wake mtamu kweli. Lakini oili yake ina tangi la peke yake na pampu ya kuipeleka kwenye injini, mfumo ambao Yamaha wanauita Autolube. Wauzaji wengi wameikata hiyo pampu na wanachanganya oili kwenye petroli kwa kukisia. Ukikisia vibaya, pistoni inakwama.

Suzuki A100 ni ya nne. Nyepesi, nzuri, spea shida.

Kuna wanaoota Honda CB750, ile ya silinda nne iliyotoka mwaka 1969. Ota, ila kumbuka ina kabureta nne, na tangi moja chafu linaziba zote nne. Za bei ya chini, zile zinazouzwa vipande kwenye gunia, ziache, isipokuwa kama tangi ni zima.

Wauzaji sasa. Siku hizi kila chuma chenye taa ya duara kinaitwa Mjapani orijino, na bei imepanda tangu watu waone mistari ya pikipiki kwenye maonyesho. Unapelekwa kuona CG125, unainama, unakuta injini ya Kichina ndani ya fremu ya Honda kwa bei ya Honda nzima. Namba ya injini halisi za zamani kwa kawaida inaanza na CG125E. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye kadi kabla hujatoa hata shilingi. Kinachoniuma zaidi ni wanaomimina gundi ndani ya tangi juu ya kutu ileile. Miezi michache inabanduka vipande vipande na kuziba koki, na mnunuzi anaambiwa ameweka mafuta mabaya. Huo ni wizi, niuite nini kingine?

Kutu nyepesi inatibika. Mwaga petroli, jaza siki, iache usiku kucha, suuza kwa maji yenye baking soda, kausha haraka, tia petroli papo hapo kabla bati halijashika kutu mpya. Tangi lililotoboka lipeleke kwa fundi anayelisafisha na kulijaza maji kabla ya kuchomelea, maana mvuke wa petroli unalipuka hata tangi likionekana kavu. Na pikipiki ikishakuwa yako, kabla masika hayajaanza, jaza tangi mpaka shingoni.