Kiunzi cha waya cha zimwi: nilichonunua kwa fundi wa Kenya, Lubumbashi

Mimi ni mshonaji, nakaa Katuba. Mtoto wa dada yangu aliniganda muda mrefu: "Mama mdogo, nishonee zimwi." Anatengeneza filamu kwa simu. Unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga. Picha 24 ndiyo sekunde moja. Sisi kila mkao tunaupiga mara mbili, kwa hiyo mikao 12. Ngozi niliiweza. Mifupa ndiyo iliyonishinda, ndipo tukamwendea fundi mmoja wa Kenya (komini yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi) anayesuka magari ya waya ya watoto.

Kiunzi cha kwanza alikisuka kwa shaba, urefu sentimita 30, faranga 15,000. Kilikuwa kizuri kweli kukitazama. Zimwi letu lilitakiwa lipande bomba la moshi la Gécamines (kampuni ya madini ya hapa), ambalo nililijenga kwa katoni, na nyuma yake kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba. Tulifika mkao wa 41. Nilipokunja kifundo cha mguu wa kushoto nikasikia "tik", mguu ukanibakia mkononi. Na mkao ukishapotea haurudi: hata uunganishe vipi, kwenye picha zimwi linaruka ghafla na jicho linaliona.

Nilirudi kwa fundi nimekasirika. Hakubishana. "Mama, shaba ukiikunja-kunja inakuwa ngumu, mwisho inakatika. Dawa yake ni moto." Akachukua kipande, akakiweka kwenye mbabula (jiko la makaa) mpaka kikawa chekundu, akakipoza, akanipa. Kilikunjika laini kabisa. Lakini kiunzi ambacho kimeshavikwa sponji na ngozi utakitiaje motoni? Basi akanisukia cha pili kwa alumini, nyaya mbili zimesokotwa pamoja, faranga 25,000. Hicho ndicho ninachokuja kukisifu.

Chini ya kila wayo ameshikiza nati. Unatoboa ubao, unapitisha boliti kutoka chini, unakaza, na zimwi linasimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Hapo ndipo penye thamani ya pesa yangu yote. Mguu ukitetereka, mtazamaji anaona mdoli. Mguu ukikanyaga ukatulia, mwili ukasogea milimita 3 tu kila mkao, anaona kitu kizito kama nyumba. Yule Kong, sokwe wa filamu ya King Kong ya mwaka 1933, aliyepanda jengo refu la New York akatisha watu dunia nzima, kwenye picha nyingi alikuwa kikaragosi cha sentimita 45 hivi. Marcel Delgado alimuundia mifupa ya chuma yenye viungo, Willis O'Brien akamwendesha picha kwa picha. Sentimita 45! Hazifiki hata kiunoni kwangu.

Mkisha kupata kiunzi, angalieni manyoya. Nilimvika zimwi letu kipande cha koti la mitumba, manyoya marefu, mazuri. Tulipotazama, mgongo mzima ulikuwa unachemka kama umejaa siafu, maana kila nilipomsogeza vidole vyangu vililaza manyoya upande mwingine. Manyoya ya sungura ya Kong yalifanya vilevile, na ukitazama vizuri unayaona mpaka leo. Mimi nilifumua, nikapunguza kwa mkasi mpaka yakabaki mafupi kama ya mbuzi, na sasa simshiki mgongoni. Namshika kwenye nyayo na kwenye viganja, au namsukuma kwa sindano ya kufumia. Mgongo umetulia.

Kasoro zipo. Fundi aliahidi Jumatano, akanipa Jumamosi. Vidole vya mikono amevisuka kwa waya nene mno, kushika ukingo wa bomba ni taabu. Shingo ni dhaifu: kichwa cha mti nilichomchongesha kiliiinamisha polepole, picha kwa picha, zimwi likaonekana linasinzia. Nimekibadilisha kwa sponji na gundi. Kuhusu taa, zibeni dirisha, mtumie taa ya betri, kwa sababu jua linasogea na umeme ukikatika katikati ya kazi hamtapata tena mwanga uleule.

Sekunde 5 za kupanda zimetuchukua jioni mbili, mikao 60. Mguu haujakatika.

Nimeshaagiza kingine: pweza, mikono 6. Fundi aliuliza iko wapi mingine 2. Nikamweleza kwamba Ray Harryhausen, fundi wa vikaragosi vya filamu, kwenye filamu ya mwaka 1955, alimpa pweza wake mikono 6 ili kupunguza gharama, na mingi ilikuwa majini, watu hawakuhesabu. Alicheka, akakata waya 12.

Ukienda kwake, sema mapema: alumini, nyaya mbili, nati chini ya nyayo, na vidole vyembamba. Malipo ya nusu anachukua kwanza.